Karanga, Korosho na Uzito wa Mwili: Ushauri Unaostahili Kusahihishwa

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Tanga, Lushoto au Moshi kwa njia ya Chalinze hupita Mkata, kisha Kabuku, kabla ya kufika njiapanda ya Segera. Kabuku ni mji mdogo wa Wilaya ya Handeni, jirani na Korogwe, na uhai wake umeshikamana na barabara hiyo. Kama ilivyo katika vituo vingi vya njia ile, gari likisimama tu wachuuzi hulizunguka wakiwa na machungwa, mayai ya kuchemsha, maji ya chupa, soda, na vifuko vya karanga na korosho. Abiria mwenye mwili mnene akinyoosha mkono kuchukua soda, hakuna amshangaaye. Akichukua karanga, jirani yake wa kiti huenda akamwonya kwa wema: "Hizo zina mafuta, zitakuongezea mwili."

Onyo hilo halisikiki ndani ya basi tu. Husikika pia katika vyumba vya kliniki, likitolewa na watu waliosomea afya, kwa wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu. Hoja ya makala haya ni kwamba onyo hilo, kwa jinsi linavyotolewa, si sahihi. Kwamba ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 30 haulithibitishi. Na kwamba kosa lake halimdhuru mgonjwa peke yake, bali huifikia sufuria ya nyumba nzima.

Chukulia mfano wa mama mwenye umri wa miaka 52, mkazi wa Kabuku, mwenye kisukari cha ukubwani na uzito uliozidi. Mama huyu ni wa mfano tu, lakini hakuna muuguzi wa kliniki ya kisukari asiyemfahamu. Anapimwa uzito, anapimwa sukari, kisha anakaa mbele ya mhudumu kijana ambaye ana wagonjwa wengine arobaini wanaosubiri nje. "Mama, uzito haupungui. Vitu vya mafuta acha kabisa. Karanga acha, korosho acha, nazi acha." Mama anaitikia, "Haya mwanangu, nimesikia," naye anarudi nyumbani na kutii.

Kinachofuata baada ya utii huo ndicho kiini cha jambo hili. Kisamvu kilichokuwa kikiungwa kwa karanga za kutwanga sasa kinachemshwa kwa maji na chumvi. Konzi ya karanga aliyokuwa akiitafuna saa nne asubuhi haipo tena, na njaa ya saa nne ipo palepale. Nafasi ya karanga inachukuliwa na andazi na chai ya sukari, kwa kuwa mhudumu hakuvitaja. Mchana, mboga isiyo na ladha wala mafuta haishibishi, kwa hiyo tonge za ugali wa sembe zinaongezeka. Miezi mitatu baadaye uzito uko palepale, sukari imepanda, na mama anaambiwa kwamba hafuati masharti. Nyumbani humo yumo pia mjukuu wa miaka miwili anayekula chungu kimoja na bibi yake. Yeye hakuwa mnene, wala hakuna aliyemshauri aache karanga. Ameachishwa tu.

Hesabu iliyozaa onyo

Haitakuwa haki kusema kwamba wahudumu walilibuni onyo hili bila sababu. Limejengwa juu ya hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kweli. Gramu 100 za karanga zina takribani kilokalori 567, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Gramu 100 za korosho zina takribani kilokalori 553. Unga wa mahindi wa uzito huohuo una takribani kilokalori 360. Mwanafunzi wa uuguzi aliyefundishwa kwamba mtu hunenepa kwa kula nishati kuliko anayotumia, akizitazama tarakimu hizo, atahitimisha kwamba karanga ni chakula cha kwanza kukatazwa.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo hesabu hiyo haikuliuliza: mtu hula kiasi gani? Hakuna anayekula karanga kwa kipimo kilekile anachokula ugali. Kiganja kimoja cha karanga zilizomenywa ni takribani gramu 30, na nishati yake ni takribani kilokalori 170. Sahani ya ugali iliyopikwa kwa gramu 200 za unga hubeba kilokalori 700 kabla mboga haijawekwa. Soda moja ya mililita 350 ina karibu kilokalori 150, zote zikitoka katika sukari. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120, na ni nadra mpishi kuishia kijiko kimoja. Ni vigumu kueleza kwa nini, kati ya vitu vinne hivyo, kilichokatazwa kwa ukali zaidi ni kile kiganja.

Tena chakula hakipimwi kwa nishati pekee. Gramu 100 za karanga zina gramu zipatazo 25 za protini na gramu 8 za nyuzinyuzi, na mafuta yake kwa sehemu kubwa ni yale yasiyoganda, ambayo hayapandishi lehemu mbaya katika damu kama yafanyavyo mafuta ya wanyama. Wanga wake ni mchache na hupandisha sukari ya damu polepole sana. Kwa mgonjwa wa kisukari, hizo ni sifa ambazo andazi halina hata moja.

Ushahidi unasemaje

Mwaka 1992 watafiti wa California, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Waadventista wapatao 31,000. Lengo lao halikuwa kutafuta habari za njugu, bali kuchunguza uhusiano wa vyakula vingi na maradhi ya moyo. Walichokikuta kiliwashangaza wengi: waliokula njugu zaidi ya mara nne kwa wiki walipata mshtuko wa moyo kwa kiwango cha karibu nusu ya wale waliokula chini ya mara moja kwa wiki. Na wala njugu hao hawakuwa wanene zaidi. Walielekea kuwa wembamba zaidi.

Baada ya hapo swali la uzito liliulizwa waziwazi. Katika utafiti uliowafuatilia wauguzi wa Marekani zaidi ya 51,000 kwa miaka minane, matokeo yake yakichapishwa mwaka 2009, waliokula njugu mara mbili au zaidi kwa wiki waliongezeka uzito kidogo kuliko wale waliozila kwa nadra. Mwaka 2011 uchunguzi mwingine wa nchi hiyohiyo, uliohusisha watu zaidi ya 120,000, ulilinganisha vyakula mbalimbali na mabadiliko ya uzito katika kila kipindi cha miaka minne. Vibanzi vya viazi viliandamana na ongezeko la takribani robo tatu ya kilo kwa kila mlo wa siku ulioongezwa. Njugu ziliandamana na upungufu wa takribani robo kilo.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Mla njugu wa Marekani huenda pia ndiye asiyevuta sigara, afanyaye mazoezi na mwenye kipato kizuri. Pengine njugu ni alama tu ya maisha yake, si sababu ya wembamba wake. Pingamizi hilo hujibiwa kwa majaribio, ambamo watu hugawanywa kwa kura, wengine wakapewa njugu na wengine wasipewe. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha majaribio 33 ya namna hiyo. Waliopewa njugu hawakuongezeka uzito kuliko wenzao, wala kiuno chao hakikupanuka.

Jaribio kubwa kuliko yote lilifanyika Hispania, kwa watu wapatao 7,400 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, wengi wao wakiwa tayari na uzito uliozidi. Kundi moja lilipewa gramu 30 za njugu mchanganyiko kila siku bila kuambiwa wapunguze chakula. Baada ya takribani miaka mitano, uzito wa kundi hilo haukutofautiana kwa maana yoyote na ule wa kundi lililoshauriwa kupunguza mafuta. Matokeo ya kwanza ya jaribio hilo kuhusu moyo yalichapishwa mwaka 2013, yakaondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kugunduliwa kasoro katika ugawaji wa baadhi ya washiriki. Hesabu mpya haikubadili hitimisho kuu.

Ushahidi huu unapaswa kusomwa kwa kiasi chake. Hausemi kwamba karanga hupunguza unene, na yeyote anayeuza karanga kama dawa ya kukonda anadanganya. Baadhi ya tafiti za njugu zimegharamiwa na vyama vya wakulima na wafanyabiashara wa njugu, jambo linalomtaka msomaji azisome kwa jicho la tahadhari. Washiriki wengi walikuwa wa Ulaya na Amerika, na lozi na jozi zao si karanga za Handeni. Lakini tafiti za wauguzi na za Waadventista zilihesabu karanga pamoja na njugu nyingine, na mwelekeo wa matokeo umekuwa uleule katika nchi tofauti na kwa mbinu tofauti. Anayetaka kuendelea kukataza karanga kwa sababu ya uzito ndiye mwenye wajibu wa kuleta ushahidi wake.

Nishati inakwenda wapi

Swali la haki linabaki: ikiwa kiganja kina kilokalori 170, na mtu anakiongeza kila siku, kwa nini hanenepi? Majibu yaliyothibitika ni mawili.

Kwanza, karanga hushibisha. Protini, mafuta na nyuzinyuzi zake hukaa tumboni kwa muda mrefu, nayo kazi ya kutafuna huupa mwili nafasi ya kuhisi shibe. Mtu aliyekula karanga saa nne hupunguza chakula cha saa saba bila kukusudia, na sehemu kubwa ya nishati aliyoiongeza hufidiwa hapo.

Pili, si mafuta yote yaliyomo katika karanga yanayoingia mwilini. Mafuta hayo yamefungiwa ndani ya chembe zenye kuta ngumu ambazo meno hayazivunji zote, na zisizovunjika hupita zilivyo hadi kwenye choo. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani waliwalisha watu karanga nzima, kisha karanga zilizosagwa, kisha mafuta ya karanga, wakapima mafuta yaliyotoka katika choo chao. Kwa karanga nzima yalikuwa karibu asilimia 18. Kwa zilizosagwa asilimia 7. Kwa mafuta yaliyokamuliwa chini ya asilimia 5. Miaka ya karibuni watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walizipima korosho kwa njia ya namna hiyo, wakakuta kwamba gramu 28 huupa mwili takribani kilokalori 137, si 163 zilizoandikwa kwenye pakiti. Kwa lozi nzima tofauti ilikuwa kubwa zaidi, karibu theluthi.

Matokeo haya yana maana kubwa kwa jiko la Kabuku. Karanga nzima iliyotafunwa si sawa na karanga iliyotwangwa, ijapokuwa imetoka shambani mwa mtu mmoja. Ile nzima humfaa bibi anayetaka kushiba bila kuongeza uzito. Ile iliyotwangwa laini, ikachanganywa katika uji au mboga, humfaa mjukuu anayehitaji kila tone la mafuta yake. Nyumba moja inaweza kununua kilo moja ya karanga na kutibu mahitaji mawili yanayopingana. Ushauri unaosema "acha karanga" huyafuta yote mawili kwa neno moja.

Bibi na mjukuu katika chungu kimoja

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Tanzania haina tatizo moja la lishe, ina mawili, na mara nyingi yanalala chini ya paa moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 22 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Ule wa 2015/16 ulikuta asilimia 28. Wakati huohuo, mwaka 2015/16 watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na mwaka 2022 walikuwa bado 30. Mama mnene na mtoto aliyedumaa ni familia moja inayokula wanga mwingi na vitu vingine vichache.

Kwa mtoto huyo, sayansi ya lishe imeitumia karanga kama silaha yake kuu. Mwaka 1996 nchini Ufaransa ilibuniwa lishe ya matibabu iitwayo Plumpy'Nut: rojo ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500, haihitaji kupikwa wala kuchanganywa na maji, na mtoto mwenye utapiamlo mkali asiye na matatizo mengine anaweza kutibiwa nayo nyumbani badala ya kulazwa wodini. Wahudumu wengi wa Afrika Mashariki wameona kwa macho yao watoto waliokuwa mifupa mitupu wakirejewa na mashavu.

Msomaji anaweza kuuliza kama hiyo si hoja ya kuthibitisha kwamba karanga hunenepesha. Si hivyo. Rojo hiyo imesagwa laini, imeongezwa sukari na mafuta, na mtoto hupewa kwa kipimo cha dawa, pakiti kadhaa kwa siku, kulingana na uzito wake. Kiganja cha karanga za kuchemsha mikononi mwa bibi hakifanani na hayo kwa namna yoyote. Kinachothibitika ni jambo lile lile: umbo, kipimo na kinachoandamana na karanga ndivyo vinavyoamua matokeo yake.

Fikra ya kwamba karanga ni mafuta tu ina historia ndefu katika nchi hii. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, si kwa ajili ya kuwalisha Watanganyika, bali kwa sababu Uingereza ya baada ya vita ilipungukiwa mafuta ya kula na ya kutengenezea siagi. Ardhi, mvua na mashine viliukataa mpango huo, na mwaka 1951 ulifutwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Waliokuja na matrekta waliiona karanga kama tangi la mafuta. Haifai kwamba hadi leo, katika chumba cha kliniki, mgonjwa afundishwe kuiona kwa jicho hilohilo, na kusahau kwamba bibi zake waliila pamoja na mchicha, kisamvu na mchunga kwa vizazi vingi.

Mahali ambapo onyo linafaa

Kulitetea zao si kulipamba. Yako maonyo ya kweli kuhusu karanga na korosho, nayo yangestahili muda ule unaopotezwa na onyo lisilo la kweli.

La kwanza ni namna ya kuandaa. Tafiti zilizotajwa zilihusu njugu zenyewe. Hazikuhusu kashata, ambayo nusu yake ni sukari. Wala karanga zilizovikwa unga na sukari zikakaangwa. Wala korosho zilizozamishwa katika mafuta na kunyunyiziwa chumvi. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu, chumvi ya korosho za barabarani ni tatizo kubwa kuliko mafuta yake. Karanga za kuchemsha na maganda yake, au zilizokaangwa kavu bila mafuta wala chumvi, ndizo zinazozungumziwa hapa.

La pili ni kipimo. Kiganja kimoja kwa siku hakimaanishi kifuko kimoja kila basi linaposimama. Tena kiganja hicho kinapaswa kuchukua nafasi ya kitu, kisiongezwe juu yake. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Toronto, Kanada, uliowahusu wagonjwa 117 wa kisukari cha aina ya pili, baadhi yao wakila njugu mahali pa keki ndogo za ngano nzima kwa miezi mitatu. Kipimo chao cha sukari ya muda mrefu kilishuka. Faida ilitokana na kubadilishana, na mama wa Kabuku anaweza kuipata kwa kuliacha andazi la saa nne na kuirudisha konzi yake ya karanga.

La tatu, na zito kuliko yote, ni sumukuvu. Kuvu wanaotoa sumu iitwayo aflatoksini hupenda mahindi na karanga zilizovunwa vibaya, zilizoanikwa juu ya udongo mtupu au zilizohifadhiwa kabla hazijakauka. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwashambulia watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Wagonjwa 68 waliripotiwa, na 20 kati yao walifariki. Kwa kiwango kidogo cha kila siku haiui kwa haraka, bali hudhuru ini na kuongeza hatari ya saratani yake, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kukaanga hupunguza sumu hiyo kwa kiasi, hakuimalizi. Kinga ni kuchambua: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au yenye ladha chungu itupwe, isipewe kuku wala isiingizwe kinuni. Kwa sababu hiyo ni salama zaidi kununua karanga nzima, kuzichambua na kuzitwanga nyumbani, kuliko kununua unga wa karanga uliosagwa tayari, ambao hakuna awezaye kuona kilichoingia ndani yake.

La nne ni kwa watu mahususi. Mwenye mzio wa karanga asizionje kabisa, kwa kuwa mzio huo unaweza kuua kwa dakika chache. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe punje nzima, kwa sababu humpalia na kuziba njia ya hewa. Apewe iliyosagwa laini. Mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika sana afuate maelekezo ya daktari wake, kwa kuwa karanga na korosho zina potasiamu na fosforasi nyingi ambazo figo hizo hushindwa kuziondoa.

Dakika tatu za mhudumu

Litaulizwa swali la pesa, nalo ni la haki. Korosho ni ghali, na kumshauri mgonjwa maskini ale korosho kila siku ni kumdhihaki. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa ng'ambo zikiwa ghafi, na mkulima mwenyewe huenda akaikosa katika sahani yake. Lakini kwa faida inayozungumziwa hapa si lazima iwe korosho. Karanga hutosha, hununuliwa kwa kipimo kidogo, na yeyote mwenye shamba dogo anaweza kuzilima kati ya mahindi yake. Njugu mawe, zao la asili la Afrika lililokuwapo kabla karanga haijaletwa kutoka Amerika ya Kusini, zina mafuta machache zaidi na hushibisha vizuri zikichemshwa.

Litaulizwa pia swali la muda. Mhudumu mwenye wagonjwa arobaini hawezi kuhadithia tafiti za Hispania. Hahitaji. Maneno "acha karanga" na maneno "kula kiganja kimoja, za kuchemsha, badala ya andazi" yanatofautiana kwa pumzi moja tu. Kabla ya kukataza, na aulize maswali matatu: mama anakunywa chai yenye vijiko vingapi vya sukari, ugali wake ni wa dona au sembe, na wa ukubwa gani, na mafuta ya kupikia yanamiminwa kwa kijiko au moja kwa moja kutoka kwenye chupa? Majibu ya maswali hayo, mara nyingi, yatamwonyesha uzito unakotoka. Na swali la nne lisisahaulike: nani mwingine anakula chungu hicho?

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Akiambiwa aache chakula fulani, ana haki ya kuuliza, kwa adabu na bila woga, "Daktari, nikiacha hiki, nile nini mahali pake?" Ushauri usioweza kulijibu swali hilo haujakamilika. Mwili ukinyimwa kitu kimoja hutafuta kingine, na kilicho karibu zaidi, kando ya barabara ya Kabuku kama kwingineko, ni sukari na unga mweupe.

Mama wa mfano wetu atarudi kliniki baada ya miezi mitatu mingine. Atapanda kwenye mzani uleule, mbele ya mhudumu yuleyule. Mzani hautajali aliambiwa nini, utasoma alichokula. Akirudishiwa konzi yake ya karanga na kupunguziwa sukari ya chai, kuna matumaini kwamba mshale utaanza kushuka polepole. Na nyumbani, kisamvu kikiungwa tena kwa karanga zilizochambuliwa na kutwangwa laini, kadi ya kliniki ya mjukuu nayo itakuwa na sababu ya kuonyesha mstari unaopanda.